Petroli Iliyokula Nyanya Zangu

Ndugu msomaji, kama nawe una bustani na mashine ya kuvuta maji, soma haya kabla hujanunua dumu jingine la petroli. Mimi ni karani wa parokia, tena nilifunzwa katika chuo cha ualimu. Mtu angedhani hesabu ya namna hii isingenishinda. Ilinishinda.

Hapa Rwamgasa mchimbaji wa dhahabu hali dhahabu. Hula ugali, hutaka na nyanya, na mama lishe wa machimboni hununua kila siku. Basi kiangazi cha mwaka 2023 nikalima nusu eka ya nyanya. Nikachimba kisima bondeni, mbali na mialo kwa kuogopa zebaki, kisha nikanunua mashine kuukuu kwa mchimbaji aliyekuwa akikaushia shimo lake. Akaniongezea mpira mwembamba, bure. Nikamshukuru sana.

Mashine nikaiweka juu, karibu na kibanda, kwa sababu ya wezi. Nikawa naiwasha saa nane mchana, nitokapo ofisini. Ikanguruma, maji yakaja kama uzi. Petroli ikaisha, nikanunua nyingine.

Mke wangu alinyamaza muda mrefu. Jioni moja akauliza, "Baba, daftari za parokia waziandika kila siku. Hii ya petroli iko wapi?" Haikuwako. Tukaketi, tukakumbuka dumu kwa dumu. Nyanya zilikuwa zimeleta shilingi 310,000. Petroli peke yake ilikuwa imekula 265,000. Na binti yetu alikuwa anangoja sare na godoro aingie kidato cha kwanza mwezi Januari. Nilikwenda kukopa, msomaji, wala sitaki kusema kwa nani.

Kosa lilikuwa wapi? Mashine hizi husukuma maji hata mbali, lakini kunyonya ni udhaifu wao. Hata ikiwa mpya hainyonyi zaidi ya mita 7 hivi, kwani kinachopandisha maji mpirani ni uzito wa hewa tu, nasi tukaao mita elfu na zaidi juu ya bahari tuna hewa nyepesi kuliko watu wa Tanga. Mimi nilikuwa nimeiweka mita 6 juu ya maji! Kadhalika ule mpira wa zawadi: ukipunguza upana wa mpira kwa nusu, kuyapitisha maji yaleyale kwa kasi ileile ya kujaza pipa hukutana na ukinzani wa mara 30 hivi. Mambo ya namna hii niliwahi kuyajibu katika mtihani, nikapata alama nzuri.

La tatu nililifunzwa na bibi jirani. Alisimama kwenye ua akasema, "Mwalimu, wamwagilia jua." Akaniambia nifunike matuta. Nilipotaka kukata nyasi za ngitili alinikemea: zile ni za ng'ombe, zimefungwa mpaka ukame, chukua mabua ya mpunga. Alikuwa na haki. Ngitili zilikuwa karibu kwisha Usukumani kabla ya mradi wa HASHI kuanza Shinyanga mwaka 1986 na kuzifufua.

Nikaishusha mashine hadi ukingoni mwa kisima. Jioni huibeba begani kurudi nyumbani. Nikanunua mpira mpana, nikafunika matuta, nikaanza kumwagilia alfajiri. Kiangazi cha 2024, kwa nusu eka ileile, lita 8 za juma zikawa 3. Wengine hunishauri pampu ya jua. Huenda, nikipata fedha. Lakini nayo itataabika vilevile ikifungwa mpira mwembamba.

Deni nimelimaliza. Daftari la petroli analishika mke wangu, nami huruhusiwa kulisoma.