Maboga ya Kano na Maji ya Mfereji

Msafiri atokaye Kisumu kwenda Ahero huiona milima ya Nandi imesimama upande wa kushoto kama ukuta, na chini yake uwanda wa Kano. Udongo wake ni mweusi na mzito. Mvua za masika zikinyesha, maji hukaa shambani siku nyingi.

Nilifika huko mwezi wa Mei kumwamkia mzee mmoja, rafiki ya marehemu baba yangu. Baada ya salamu alinipeleka shambani. Kwa mbali maboga yalipendeza macho, lakini alipogeuza moja, upande uliolalia udongo ulikuwa na doa lililolowa, na juu yake unga mweupe kama sukari laini. Nililibonyeza, na kidole kikazama.

"Ni nzi hawa, mwanangu," alisema.

Tukalipasua boga, lakini hatukuona funza hata mmoja. Nzi wa matunda angaliacha funza ndani. Dalili zile zilikuwa za ugonjwa wa kuoza uletwao na kimelea kiitwacho fitofthora. Vijimbegu vyake huogelea majini, na vingine huweza kukaa udongoni kwa miaka.

"Mzee, yaliyooza huyatupa wapi?" nikamwuliza.

Akanionyesha mfereji. Tuliufuata hadi mpakani, tukaona unaingia katika shamba la mjane jirani yake, lililopandwa matango. Matango kadhaa yalikuwa na unga ule ule mweupe. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe ni mimi ninayempelekea maradhi."

Jioni ile tuliyatia maboga mabovu katika magunia, tukayazika katika shimo refu, mbali na maji.

Yafaa kila mkulima wa bondeni apande juu ya matuta, achimbe njia ya kutoa maji, na atandike nyasi kavu chini ya maboga. Asiingie shambani udongo ukiwa umelowa, na jembe lake alioshe kabla ya kulipeleka shamba jingine. Mahali palipougua asipande maboga, matango, matikiti, nyanya wala pilipili kwa miaka mitatu au zaidi, apande mahindi. Dawa ya kunyunyiza husaidia ikiwahi mapema, lakini boga lililokwisha kuoza haliponi.

Asubuhi nilipoaga, mzee alikuwa amekwisha kutia jembe begani, aende kwa yule mjane wakachimbe mfereji mwingine.