Nyigu Wawili na Bua la Mtama

Mkulima wa Singida apasuapo bua la mtama lililonyauka kabla ya wakati wake, hukuta ndani njia iliyochimbwa na bungua. Pengine humkuta bungua mwenyewe, amezungukwa na vifukofuko vyeupe mithili ya chenga za mchele. Huenda akadhani ni mayai ya adui, akayaponda. Kumbe amemponda mlinzi wake.

Vifuko hivyo ni vya nyigu mdogo, urefu wake milimita mbili au tatu tu. Jike huingia katika tundu la bungua, akamdunga na kumwachia mayai mwilini. Na mara nyingi huuawa mle mle kwa meno ya bungua. Watoto wakianguliwa humla bungua angali hai, kisha hutoka na kujifumia hariri.

Nyigu hao wako wa aina mbili, na kwa macho matupu hawapambanuki. Cotesia sesamiae ni mzaliwa wa Afrika. Cotesia flavipes ni wa Asia. Kituo cha ICIPE cha Nairobi kilimleta kutoka Pakistani, kikamwachilia pwani ya Kenya mwaka 1993, amfuate bungua wa kwao, Chilo partellus, aliyekwisha kuhamia Afrika miongo mingi kabla. Baadaye nyigu huyo akaingia na Tanzania.

Tofauti yao hudhihiri ndani ya mwili wa mwenyeji. Mgeni humdunga hata bungua wa Kiafrika, Busseola fusca, kwa bidii ile ile. Lakini damu ya bungua huyo huyazingira mayai ikayaua. Mzaliwa hufaulu, ila si kila mzaliwa. Wale wa Kitale, bara ya Kenya, hustawi ndani ya Busseola; ndugu zao wa Mombasa, wenye jina lile lile, mayai yao hufa kama ya mgeni. Waama, uzawa peke yake hautoshi: kila mmoja humweza yule aliyemzoea.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hufa, akapona mkulima. Naye, maadamu mtama wake waweza kuliwa na bungua wa kwao na wa ng'ambo, anawahitaji nyigu wote wawili.

Lakini Kiswahili chawaita nyigu tu, jina la mdudu anayeogopwa kwa mwiba wake. Hadi watakapopata jina lao, watazidi kupondwa kwa vidole vya wale wanaowalindia chakula.