Kipimo na Neno

Tangu magari ya makaa ya mawe yaanze kutoka Ngaka, kijana wa Mpepai anayetaka usukani hupimwa kwanza. Sipingi. Katika miteremko yetu ya Umatengo, lori lenye shehena na dereva mlevi ni msiba uliokwisha kuanza safari.

Lakini mwalimu, hata akistaafu, hachoki kusahihisha maneno. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, dereva, alipimwa mkojo, akaachishwa kazi, na barua ikasema "amekutwa amelewa". Hapo ndipo ninapobisha. Kipimo cha pumzi hueleza pombe iliyomo mwilini saa ile ile. Kipimo cha mkojo hutafuta mabaki ya bangi, nayo huweza kukaa siku nyingi baada ya kichwa kutulia. Tena, kile cha papo kwa papo ni cha kuchuja tu. Cha kuthibitisha hufanyika maabara.

Kijana hakukana kwamba alivuta siku kadhaa nyuma. Bangi ni kosa kisheria, na pengine kazi angeipoteza vilevile. Hata hivyo, "ametumia" si "amelewa". La kwanza ni kosa lake; la pili ni kumsingizia kwamba alihatarisha roho za watu barabarani. Mtu ana haki ya kuadhibiwa kwa kosa alilotenda, si kwa lile ambalo karani ameona ni jepesi kuliandika.

Barua ile ilisomwa kijijini. Mama yake huitwa mama wa mlevi hadi leo.