Krismasi Yetu Ilikuwa Kiponda

Baba hakuwahi kuiita safari ile mapumziko. Aliiita kwenda kumjulia hali dada yake. Kila Desemba, katikati ya miaka ya tisini, alikwenda bandarini Dar es Salaam kukata tiketi za Flying Horse, meli iliyong'oa nanga mchana na kufika Unguja alasiri. Wakati wa kurudi ilisafiri usiku, na alfajiri ilitukuta Dar tumejikunja vitini, shingo zinauma. Mama alibeba ndimu za kunusa, maana kaskazi ikishaanza kuvuma mkondo ule hauna huruma na tumbo la mtu. Hatukwenda kuota jua. Jua tulikuwa nalo Temeke.

Shangazi alikuwa muuguzi. Kwao, yaani kwetu, ni Muheza upande wa Magila, na Wabondei wa Magila Uanglikana wao umetoka Unguja: wamisionari wa UMCA waliweka makazi kisiwani kwanza, ndipo wakavuka bara. Kwa hiyo Shangazi alipopata kazi ng'ambo, Babu hakuhuzunika kwamba binti yake anakwenda ugenini. Alisema anakwenda kanisani.

Nyumba aliyoishi ilikuwa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, katika mojawapo ya majumba yale ya matajiri wa zamani yaliyotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na kugawiwa familia kadhaa kwa pamoja. Chini waliishi watu wa Pemba, katikati Shangazi na wanawe, juu bibi mmoja ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa, pamoja na wajukuu zake. Ngazi zilikuwa nyembamba na ndefu, chokaa ikibanduka ukutani kwa vipande vya ukubwa wa chapati. Ua ulikuwa wa wote. Kisima cha wote, kamba ya kuanikia nguo ya wote, ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo nao wa wote.

Krismasi ya nyumba ile ilianzia uani, tarehe 24 asubuhi, kwa suala la kuku.

Shangazi alipanda juu akapiga hodi. "Bi Mkubwa, namwomba kijana anichinjie kuku wangu."

"Wangapi mwaka huu?"

"Wanne."

"Basi pika pilau, mwanangu. Si ule wali mweupe wa mwaka jana."

Kijana mwenyewe alikuwa mjukuu wake mkubwa, amenizidi miaka mitatu minne hivi. Alikinoa kisu kwenye ngazi ya jiwe mpaka kikalia, akamgeuza kuku upande wa kibla, akakanyaga mbawa kwa wayo, mimi nikashika miguu. Bismillahi, Allahu Akbar, kisu kikapita. Ukucha wa kuku ulinikwaruza kiganja na sikuthubutu kufumba macho, kwa sababu yule kijana alikuwa akinitazama mimi, hamtazami kuku. Kisha maji ya moto kwenye karai, harufu ya manyoya mabichi ikajaa ua mzima, na paka wa Kiponda wote wakawa wameshapata habari.

Shangazi angeweza kumwita Mkristo mwenzake akachinja. Asingekosa, kanisani walikuwapo. Lakini kuku wa namna hiyo tungemla peke yetu, na kula peke yetu kwake haikuwa sikukuu. Siku ya pili, mchana, sahani zilianza kupanda na kushuka ngazi zile zikiwa zimefunikwa kawa. Pilau ilikwenda juu, ikaenda chini, ikavuka kichochoro hadi kwa fundi cherehani. Na kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, jioni zilirejea na mkate wa kumimina, visheti, embe dodo zilizokatwa, shokishoki kwa mafungu. Desemba ni mwezi wa matunda Unguja. Mwaka mmoja sahani moja ilirudi na doriani, Mama akaamuru liliwe nje.

Kati ya kuku na sahani kulikuwa na kanisa. Tulisali Mkunazini, Kanisa Kuu la Kristo, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka uleule. Hivyo sikukuu yetu ilikuwa pia siku ya kuzaliwa ya jengo. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia, amezikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare lipo duara la marumaru, mahali inaposimuliwa kwamba ulisimama mti waliofungiwa watu na kuchapwa viboko kabla ya kunadiwa. Sisi watoto tulipenda zaidi habari ya nguzo: karibu na mlango zipo nguzo zilizosimamishwa juu chini, na hadithi ni kwamba mafundi walizikosea Steere akiwa hayupo, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Nilizitazama kila Krismasi ibada ilipokuwa ndefu, na ibada ilikuwa ndefu kila Krismasi. Joto la humo ndani lilikuwa la kukamua. Akina mama walijipepea kwa vitabu vya nyimbo, na anayeimba sauti ya tatu mbele yetu alilowa mgongo mzima kabla ya mahubiri.

Nikiulizwa Krismasi bora kuliko zote, nasema ya 1999. Wengi hawaitarajii, kwa kuwa iliangukia katikati ya Ramadhani.

Katika mji ule, mchana wa Ramadhani mtu hali hadharani, awe nani awe nani. Shangazi alituweka kikao mara tulipofika: hakuna kutafuna roshanini, hakuna kushuka na chungwa mkononi, na chakula cha Krismasi kitaliwa magharibi, pamoja na watu. Ndugu yangu mdogo alilia. Baba akasema Yesu mwenyewe alifunga siku arobaini, jambo ambalo halikumsaidia mtoto hata kidogo.

Lakini usiku! Mji uliokuwa umesinzia mchana kutwa uliamka baada ya tarawehe. Tulitoka misa ya usiku saa sita na kitu tukakuta vichochoro vimejaa: watoto wanakimbizana, kahawa inamwagwa vikombeni barazani, wanawake wanatembeleana, mwezi juu ya mapaa ya mabati. Miaka mingine tulirudi kutoka misa kwa kunyata, mji ukiwa umelala, kana kwamba sikukuu ni siri yetu. Mwaka ule mji mzima ulikuwa macho, ijapokuwa kwa sababu zake. Tukalala kidogo, ngoma ya daku ikatuamsha. Jioni ya tarehe 25 Shangazi alitandika mkeka uani, pilau yetu ikakaa katikati ya muhogo wa nazi, kaimati, na uji wa pilipili manga wa Bi Mkubwa. Adhana ya magharibi ikalia, na tende ya kwanza akapewa ndugu yangu mdogo, ambaye alikuwa ameshinda bila kula kuanzia saa tano tu, kwa kununa. Bi Mkubwa alimsifu mbele za watu kwamba amefunga. Hakuna aliyemsahihisha.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Sisi hatukuona tofauti mara moja. Wageni wote wa kisiwa kwa mwaka ule walikuwa hawajafika 100,000. Tofauti ilikuja nyumba moja moja: mlango wa jirani umepakwa mafuta, ngazi zimesakafiwa, kibao kimetundikwa, na mafundi wa mbao waliokuwa wakitengeneza vitanda vya maharusi sasa wanatengeneza vitanda vya hoteli.

Krismasi ya 2009 ilikuwa ya giza, na nasema giza hasa. Mapema Desemba umeme unaokuja kisiwani kwa kebo ya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulikatika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Pampu za maji zikanyamaza. Mahoteli yakawasha majenereta, na vichochoro vikanuka dizeli usiku kucha. Kiponda tulirudi kwenye chemli na kile kisima ambacho watu walikuwa wameanza kukitupia takataka. Mjukuu wa Bi Mkubwa, sasa mtu mzima mwenye ndevu, alishuka ndani kwa kamba kukisafisha, na nyumba nzima ikapanga madumu. Kuku walichinjwa, wakapikwa na kuliwa siku ileile maana friji zilikuwa kabati tu. Hapo ndipo nilipoona kwamba nyumba ile ilijua kuishi bila umeme kuliko hoteli iliyoizunguka pande tatu. Sijui kama ni sifa au ni umaskini. Labda vyote.

Iko Krismasi nyingine ambayo matangazo ya utalii hayaitaji. Jioni ya tarehe 25 Desemba 2012 padri mmoja Mkatoliki alipigwa risasi na kujeruhiwa nje ya mji. Februari iliyofuata mwingine akauawa. Makanisa kadhaa yalikuwa yameshachomwa moto. Shangazi alikuwa karibu kustaafu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akifunga mlango wa mbele kwa komeo mchana. Bi Mkubwa alikuwa amefariki. Mjukuu wake alitusindikiza kanisani bila kuombwa, akaketi baraza ya ng'ambo ya barabara mpaka tulipotoka, akaturudisha. Njiani alizungumzia bei ya mchele tu.

Shangazi alistaafu akarudi Muheza. Familia ya chini ikahamia Mwera kwenye nyumba yao wenyewe. Kitambo kidogo, jumba likakodishwa kwa mwekezaji. Nililiona baada ya matengenezo na sitasema uongo: limependeza. Chokaa haibanduki. Uani, pale palipokuwa na karai la maji ya moto, pana kibwawa cha kuogelea chenye kina cha kufika magotini. Kisima kimewekewa kioo na taa.

Basi na sisi tukawa watu wa pwani. Tungekwenda Unguja bila mwenyeji tukalala wapi? Watoto wangu walishachagua: Nungwi, kwenye maji yasiyokupwa mbali. Mwaka wa kwanza kukodi chumba ufukweni ulikuwa 2020, mwaka wa korona, ambapo Unguja ilikuwa imefungua milango tangu Juni na Desemba ile ufuo ulijaa Warusi na Wapolandi hadi wauza madafu wakajifunza kuhesabu kwa lugha zao. Tulikuwa tumekaa mchangani alasiri ya Krismasi simu zilipoanza kulia moja baada ya nyingine. Beit al-Ajaib imeanguka. Jumba la Sultani Barghash, la 1883, lililokuwa la kwanza kulaki kila meli iliyotoka Dar, lilikuwa kwenye ukarabati, na sehemu yake kubwa ikaporomoka mchana ule. Watu wawili walikufa. Kama tungekuwa Kiponda tungesikia kishindo kwa masikio yetu. Nungwi nilisikia muziki wa baa, na Mrusi mmoja aliyevaa kofia nyekundu ya Krismasi akiuliza kwa ishara kama picha ile kwenye simu yangu ni ya vita.

Siwadharau wanaokwenda pwani. Boti sasa inachukua muda mfupi, na tarehe 23 foleni ya gati la Dar ni ya vijana wenye mabegi ya magurudumu, wanaolipa wenyewe, wasiomtegemea shangazi wala kulazimika kuimba sauti ya tatu. Mwaka 2024 kisiwa kilipokea wageni wa nje zaidi ya 700,000, na kazi za kuwahudumia zimewavuta wengi kutoka bara, ndiyo maana misa ya Krismasi Mkunazini imejaa sasa kuliko utoto wangu: wahudumu, wapishi, walinzi, wengine wamevaa sare chini ya shati wakikimbilia zamu. Hilo mimi lilinifurahisha. Lisilonifurahisha ni chakula cha hoteli cha usiku wa tarehe 24, meza ndefu chini ya mti wa plastiki uliopambwa pamba kuwa theluji, kila familia ikila kwa namba ya chumba chake. Nilimuuliza mpishi, kijana wa Singida, kuku amechinjwa na nani. Alifikiri nina wasiwasi wa halali, akanitoa hofu: "Halali kabisa, mzee. Wametoka Brazil, wamekuja kwenye maboksi."

Mwaka huu nimekodi nyumba ndogo Malindi, yenye jiko na kiua. Watoto wamenuna, nami nimewaahidi siku mbili za Nungwi baadaye. Shangazi, pamoja na magoti yake, anasema atakuja ikiwa boti haitikisiki. Mjukuu wa Bi Mkubwa ana duka la vyombo Darajani siku hizi, na juzi nilimpigia kumweleza.

"Kisu ninacho," alisema. "Kuku nunueni nyie. Na mwambie Shangazi asije akapika wali mweupe."

Nimemwagiza mtu wa Fuoni atuwekee wanne.