Zawadi za Idi Katika Njia za Msasani

Anayeingia Msasani siku mbili kabla ya Idi hukuta miji miwili chini ya jina moja. Upande wa rasi, kuelekea Slipway, wanasesere hupangwa nyuma ya vioo safi. Upande wa kijiji cha zamani, ambako wavuvi hupandisha ngalawa zao mchangani, na ambako makaburi ya mawe hushuhudia kuwa Waislamu walizikana hapa kabla Sayyid Majid hajaanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, wachuuzi hutandika maturubai kandokando ya njia: bunduki za plastiki, filimbi, maputo, vigari vinavyowaka taa. Bei zake hazimtishi mzazi.

Hivyo vinavyowaka taa ndivyo vinavyonitia hofu. Ndani yake mara nyingi hukaa betri ndogo ya duara, mfano wa kifungo cha shati, na kifuniko chake hufunguka kwa ukucha. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake huzalisha kemikali inayochoma umio, na jeraha kubwa laweza kutokea ndani ya saa mbili tu. Dalili zake hufanana na kikohozi cha kawaida. Basi mzazi anayeshuku asimtapishe mtoto wala asingoje kupambazuke. Amkimbize hospitali na alitaje neno "betri" mlangoni, ili apigwe eksirei haraka. Kifuniko kisicho na skrubu, kiache hapo hapo kwenye turubai.

Kwa aliye chini ya miaka mitatu kuna kipimo chepesi: kitu kinachopenya kwenye boksi la duara la katikati ya karatasi ya chooni chaweza kumkaba.

Mabinti nao hununuliwa piko. Hina ya majani huacha rangi ya chungwa au hudhurungi. Ule weusi wa haraka ni rangi ya nywele, na ngozi ya mtoto yaweza kutoka malengelenge na kubaki na kovu. Nashangaa tunavyoogopa mwanasesere kuliko piko, ilhali Bibi Aisha (r.a.) alicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.).

Lipo pia la uadilifu. Baba yake Nuuman bin Bashir alipotaka kumpa mwanawe mmoja zawadi pekee, Mtume (s.a.w.) alikataa kuishuhudia. Kamati yetu ya msikiti ilipojadili zawadi za watoto wa madrasa, mjumbe mmoja alipendekeza wenye uwezo waachwe. Hoja hiyo haikupita, kwani watoto hao huketi jamvi moja. Kila mkubwa atapata mpira na kalamu za rangi. Wadogo watapata ngalawa za mbao, kubwa kuliko kiganja, zilizopigwa msasa na zisizopakwa rangi. Fundi wa pwani ameshapokea malipo ya mbao.