Dover: Chokaa Mpaka Bafuni

Dover, kusini mashariki mwa Uingereza, ni bomba: majabali meupe ya chokaa yamesimama zaidi ya mita 100 juu ya bahari. Noma ni kwamba chokaa hiyo huyeyuka kwenye maji ya huko, ikaja kuganda bafuni.

Gari letu la kukodi, lenye vitanda, jiko na bafu la plastiki, lilijaa madoa meupe, na hela ya dhamana imeshikwa! Mshikaji akanyakua waya wa kusugulia masufuria. Nikamzuia: plastiki ikikwaruzika, uchafu unapata makazi.

Tukapaka siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tukangoja dakika 15, tukafuta kwa kitambaa laini, tukasuuza. Safi!

Ila msomaji, usichanganye siki na dawa ya klorini. Hutoa gesi ya sumu, na bafu lenyewe dogo kama kabati.