Ilimba Mbele ya Mitambo

Upo usemi wa siku nyingi katika mikutano yetu ya utamaduni kwamba umeme umeiua ngoma. Usemi huo nimeusikia Dodoma, nimeusikia Singida mjini, na nimeusikia kwetu Mwankoko, ambako ngoma bado huchezwa baada ya mavuno ya mtama. Mimi siukubali wote, wala siukatai wote. Napenda kuupima kwa kazi moja ya muziki ambayo Watanzania wengi hawajapata kuisikia, ingawa sauti iliyomo ni ya jirani yetu kabisa.

Kazi hiyo ni albamu iitwayo Assembly, iliyotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Wenye kazi ni wawili: marehemu Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, na Michael Brook, mpiga gitaa na mtengenezaji wa muziki kutoka Kanada. Mzee Zawose hahitaji utambulisho mrefu. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akaizunguka dunia na ilimba, zeze na njuga zake, hadi alipofariki Desemba 2003. Brook naye anajulikana kwa kubuni gitaa la umeme ambalo mlio wake haufi mpaka mpigaji atake, na kabla ya hapo alikwisha fanya kazi na mwimbaji mashuhuri wa Pakistani, Nusrat Fateh Ali Khan.

Kwa asiyeijua, ilimba ni sanduku la mti lenye safu za vijiti vya chuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba. Kwenye tundu la sanduku hilo fundi hubandika utando wa buibui, ili kila mlio utoke na mvumo kama wa nyuki. Hapo ndipo ninapowauliza wenzangu wanaodai kwamba sauti ya asili ni sauti tupu isiyoguswa: nani aliwaambia hivyo? Wazee wetu hawakuridhika na mlio mtupu wa chuma. Waliuongezea mvumo kwa makusudi, ukapendeza. Mtambo wa studio nao hufanya kazi ya namna hiyo, ila kwa njia nyingine.

Wala umeme si mgeni wa jana. Bendi zetu za dansi zilijiita Jazz tangu zamani: Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, NUTA Jazz mwaka 1964. Jina hilo lilitoka Marekani, na magitaa ya umeme yalitoka ng'ambo. Lakini waliimba kwa Kiswahili, wakaeleza mambo ya Watanzania, na leo hakuna anayethubutu kusema kuwa muziki ule si wetu. Mwalimu, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisema wazi kuwa taifa linalokataa kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Kisha akaongeza kwamba kujifunza si kuacha cha kwako.

Basi ninapoisikiliza Assembly, husikiliza kwanza nani mwenyeji na nani mgeni. Kwa sikio langu, mwenyeji ni Mzee Zawose. Ilimba inadonoa na kunyamaza, maana mlio wa chuma ni mfupi. Sauti za umeme zinatanda nyuma yake kama ukungu juu ya Ziwa Singidani asubuhi. Sisemi kuwa haina kasoro. Iko midundo ya mitambo inayogonga kwa kipimo cha saa, ilhali mguu wenye njuga hupenda kuwahi kidogo na kuchelewa kidogo. Lakini mwimbaji amepewa nafasi ya kulimaliza neno lake.

Neno hilo la kumaliza ndilo linalonigusa, kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wa Mwankoko alirekodi kwa simu wimbo wa harusi aliouimba bibi yake kwa Kinyaturu. Akaupeleka studio ya mjini, ukawekewa kinanda na midundo. Siku ya harusi watu walicheza, na bibi mwenyewe alicheza. Ulipokwisha akamwita kijana na kumwuliza, "Mjukuu wangu, maneno yangu mengine mmeyaweka wapi?" Kwa maana wimbo ule ni mawaidha marefu kwa binti anayekwenda kwa watu, nao ulikuwa umebakizwa maneno matatu yanayorudiwarudiwa.

Kijana hakuwa na jibu. Lakini Jumapili iliyofuata alirudi kwa bibi na simu ile ile, akaurekodi wote, ubeti kwa ubeti, huku mama zake wakubwa wakiitikia. Bibi amekwisha fariki. Wimbo uko mzima, na wajukuu wake wanaujua.

Mimi mtunzi wa mashairi naijua hasara ya ubeti uliokatwa, na mtumishi wa Serikali najua jinsi tulivyo wepesi kutoa makatazo. Yafaa sisi tunaoshughulikia utamaduni tuache kuwaambia vijana waweke kinanda chini. Tuwaambie kwanza wakae na wazee, warekodi wimbo wote na majina ya waimbaji, wajue maana ya kila ubeti. Kisha waende studio wakitaka. Kinanda kitapatikana hata kesho. Bibi anayeujua wimbo mpaka mwisho hapatikani dukani, na katika vijiji vyetu wamebaki wachache.